Doa Jeupe Chini ya Kilima

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimehamia rasmi kwa kaka. Nimeleta sanduku, redio na uzoefu. Chumba nilichopewa kina dirisha la kutosha paka, na kitanda kinachopiga kelele nikigeuka. Sikulalamika. Nimekuja kusimamia mambo.

Kaka hajambo. Yaani hajambo kwa namna ya mtu anayewaonea huruma wageni. Daktari kasema moyo umechoka. Miguu imevimba, anakaa kitandani ameegemea mito, na sentensi ikiwa ndefu hupumzika katikati kama mtu anayepanda ngazi.

Sasa jambo lenyewe. Kilima kinavunjwa! Kile cha nyuma ya nyumba. Kampuni ya kokoto imekinunua, na katikati ya wiki ijayo kinatiwa baruti. Kaka, tangu mwaka aliooa, kila Juni hupanda jabali la ng'ambo ya barabara na ile kamera yake ya mbao, ya kukunjua, yenye tumbo la mikunjo kama kodiani. Hapo hupiga picha ya nyumba hii na kilima nyuma yake. Mahali palepale. Lenzi ileile pana. Picha moja kwa mwaka. Zimetundikwa kwenye ujia, kuanzia mlango wa mbele hadi karibu na jikoni. Ya mwaka huu ndiyo ya mwisho, naye hafiki hata msalani bila kushikwa mkono. Amesema hana haja nyingine. Aione hiyo, basi.

Filamu zake ni za kipande kimoja kimoja, kubwa kama bahasha, na dukani hawaleti tena. Kimebaki kibebeo kimoja, kile kisanduku bapa cha kushikia filamu. Kipande mbele, kipande nyuma. Mwisho.

Na kazi kapewa nani? Mimi? Mimi niliyemfundisha kaka kushika kamera, ingawa alinitangulia kuzaliwa? Hapana! Kapewa binti yake, Pimamaji. Jina hilo nimempa mimi, kwa sababu hakikosekani mfukoni mwake kile kifaa cha mafundi chenye povu la kupimia usawa. Hata meza ya chakula huipima kwanza, halafu anakutazama wewe.

Nikawakumbusha kwamba mimi ndiye niliyewahi kupiga picha ya radi. Tena si ilipopiga. Kabla. Kaka akafumba macho. Mkewe, shemeji yangu, akauliza nani anataka chai.

Jioni nimezikagua picha za ujiani. Masikitiko! Zote zina kosa moja. Doa jeupe, kona ya chini kulia, pale uani. Dogo kama punje ya mchele. Kila mwaka! Mtu na sifa zote zile, anashindwa kufuta kioo.

Nimeamua. Picha ya mwisho nitaipiga mimi, na itakuwa safi. Kaka akione kilima chake bila doa, walau mara moja.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Kaka alimwita Pimamaji kumpa maelekezo. Mlango ukarudishwa. Nikasimama nje yake. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nakagua kama kaka bado anakumbuka.

Anakumbuka. Kule jabalini kuna vishimo vitatu alivyochonga kwa patasi, kila mguu wa kamera na kishimo chake. Sawazisha kwanza. Fungua lenzi, jifunike kitambaa cheusi, tazama kwenye kioo cha nyuma. Ukisharidhika, funga lenzi. Ndipo uchomeke kibebeo. Ndipo uvute kibao cheusi kinachokinga filamu. Ukivuta kibao lenzi ikiwa wazi, umeunguza kila kitu. Kisha ngoja. Alilirudia hilo. Usifyatue mpaka uone ametulia.

Nani atulie? Sikusikia vizuri. Pengine kuna ng'ombe hulishwa huko.

Alasiri, Pimamaji alipotoka, nikaisimika kamera sebuleni. Nikajifunika koti. Nikatazama kioo. Loo! Shemeji akapita kwenye kioo akitembea darini, miguu juu, na sufuria ya maji mkononi, na maji hayamwagiki! Nilipiga ukelele. Shemeji naye wa kwake. Sufuria ikaanguka.

Kumbe ndivyo ilivyo, kila kitu kwenye kioo husimama kichwa chini, kulia kukawa kushoto. Shemeji alinieleza huku anapangusa sakafu. Nikamwambia nilijua. Nilikuwa najaribu sauti ya chumba.

Hiyo lenzi pana siipendi. Inakusanya dunia nzima kisha inaifinya. Niliielekeza dirishani, kilima chote kikawa kama chunusi, na mguu wa kiti uliokuwa karibu ukawa kama nguzo ya daraja. Vya karibu vinakuwa majitu, vya mbali vinakuwa wadudu. Nilimwuliza Pimamaji aliporudi kwa nini baba yake asitumie lenzi ya kuvuta. Akajibu kwamba baba anataka vyote viingie. Kisha akaninyang'anya kamera, akapima meza, akaondoka.

Shemeji ameloweka shuka jeupe. Aliuliza picha inapigwa lini. Pimamaji akasema Ijumaa asubuhi. Shemeji akasema basi kesho litakuwa limeshapigwa pasi. Nimelichunguza shuka hilo. Halitandikwi kitanda chochote! Nimezunguka vyumba vyote, na changu ndicho chenye shida kuliko vyote. Linafuliwa, linapigwa pasi, linarudi kabatini. Anasa.

Mpango uko tayari. Nimemwambia Pimamaji kwamba msimamizi wa machimbo ameagiza aende ofisini kwake kesho asubuhi na mapema, kuna karatasi ya kutia sahihi kuhusu vioo vya madirisha. Aliniangalia kwa muda. Nikamwangalia pia. Mimi sipepesi.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Ushindi!

Pimamaji alipokata kona tu, nikatwaa sanduku la kamera begani na miguu mitatu kwapani. Niliwahi kubeba injini ya lori peke yangu, mvua inanyesha, kwa hiyo huu ulikuwa mzigo wa kuchezea. Njiani nilipumzika mara kadhaa ili kuitazama mandhari. Miguu ya kamera imenichuna muundi.

Vishimo nikaviona. Nikavidharau. Nikasogea mbele ili kilima kikue. Hakikukua! Kilichokua ni kichaka cha miiba kilichokuwa mbele yangu, kikawa msitu. Nikarudi vishimoni kwa hiari yangu.

Nikasawazisha kwa macho. Nikafungua lenzi, nikajifunika. Hapo sasa! Kilima kimening'inia kichwa chini kama popo, mbingu iko miguuni, nyumba ya kaka juu pembeni. Kila jani limechongeka. Nilikaa ndani ya kile kitambaa nikasahau muundi. Nakiri kwamba palikuwa pazuri.

Halafu nikaliona. Doa! Kona ya juu kushoto, ambayo ukigeuza ndiyo ya chini kulia. Nikafuta kioo kwa pindo la shati. Liko palepale. Nikapuliza mvuke, nikafuta tena. Lipo! Nikaenda mbele nikafuta lenzi kwa kidole gumba. Nikarudi. Doa likapepea.

Nikatoa kichwa. Ni mtu! Ni shemeji, uani kwake, amesimama wima kunielekea, shuka jeupe amelikunjua mbele ya kifua kwa mikono miwili. Nikampungia aondoke. Akasimama wima zaidi. Nikaita. Mbali, hasikii. Nikafanya ishara ya kufagia kwa mikono yote miwili. Hakutikisika hata kidogo. Sijapata kuona mwanamke mkaidi kiasi kile.

Mwingine angekata tamaa. Mimi nikakumbuka zile skrubu. Kamera hii mwili wake umetulia na lenzi inahama, juu, chini, kando. Nikazungusha ya kando. Nyumba ikaanza kuhama. Nikazungusha ya juu. Shemeji akasogea ukingoni taratibu, likabaki pindo la shuka, kisha pakawa hapana kitu. Safi! Kona ya upande mwingine wa kioo ikaingia giza kidogo. Wingu, bila shaka.

Nikafunga lenzi. Kibebeo. Kibao. Nikafyatua kwa ule waya wa kufyatulia, mkono wangu mtulivu kama wa daktari wa meno.

Nilipokuwa nakunja vyombo bado amesimama. Jua limeshakuwa kali. Nikampungia kwamba yamekwisha. Ndipo akakunja shuka, pembe kwa pembe, akaingia ndani.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Pimamaji alirudi jana akichemka kama chungu jikoni. Msimamizi hakumwita. Hamjui. Aliniuliza nimefanya nini, kabla sijafungua kinywa akawa ameshakiona kibebeo na alama ya upande uliotumika. Hakunitukana. Nilijiandaa kwa matusi, kwa hiyo nikabaki nimejiandaa bure.

Leo amejifungia bafuni na sahani zake za dawa, blanketi dirishani, mashine ya kukuzia picha juu ya kifuniko cha choo. Nyumba nzima tumenyimwa kuoga. Picha ikatoka. Safi! Kona ya chini kulia, kichaka na mawe tu. Hakuna doa. Kona ya juu kushoto imemezwa na weusi, kama jicho lililopigwa ngumi. Pimamaji anasema nimeisogeza lenzi hadi mwanga wake ukaishia njiani. Nimesema wingu.

Nikaipeleka kwa kaka mwenyewe, kwa mikono miwili, kama mtu anayepeleka keki. Akaomba miwani. Sikumwona akikitazama kilima hata kidogo. Akaenda moja kwa moja kona ya chini kulia. Akaigusa kwa kidole. Akaisogeza karibu na macho, akaipeleka mbali.

Akaniuliza mke wake yuko wapi.

Nikamwambia yuko jikoni, kaka, nimwite?

Akasema nisimwite. Lakini shemeji alikuwa ameshafika mlangoni, anapangusa mikono. Akaja, akainama juu ya picha. Akasema kilima kimetoka vizuri sana. Akanishukuru! Kisha akaenda, nikasikia mlango wa kabati ukifungwa.

Kaka akageukia ukuta. Nadhani alikuwa amechoka. Sijapata usingizi wa mchana.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Pimamaji alinikamata ujiani, akanivuta kwa mkono wa shati kutoka picha hadi picha, kioo cha kukuzia mkononi. Tazama, Ba'mdogo. Nikatazama. Doa lina kichwa. Doa lina mikono. Huyu ni mama, akasema, mwaka alioolewa, mwembamba, shuka limemzidi urefu. Huyu hapa mama ana mimba yangu. Na hapa madoa ni mawili. Mimi ndiye yule mdogo, nimeshika pindo. Hapa mama ameketi kwenye kiti, mwaka ule aliougua tukadhani hatatoka hospitali. Mwaka ule baba alingoja jabalini hadi mama alipopata nguvu ya kutolewa nje.

Alinifikisha hadi jikoni. Akasema baba hakuwa anapiga kilima. Kilima kilimfanya apande.

Nikamjibu kwamba nilikuwa nashuku muda mrefu. Nikaongeza kuwa lenzi inayomfanya mke wa mtu aonekane punje ya mchele si lenzi ya heshima, na kwamba kosa ni la watengenezaji. Akasema jambo ambalo siliandiki hapa. Shajara hii huenda ikasomwa na vizazi.

Kisha habari mbaya. Machimbo wametuma mtu. Baruti haingoji tena katikati ya wiki. Ni Jumatatu mchana. Wenye nyumba wafungue madirisha vioo visipasuke.

Kwa kuwa kila mtu alikuwa ananitazama kama mimi ndiye mwenye baruti, nikaamua kwenda kuisimamisha. Nikavaa tai. Nikamwambia msimamizi kwamba kileleni amezikwa babu yetu mkuu, amesimama wima, na mkuki mkononi, na kwamba waliowahi kumsumbua wamepofuka. Msimamizi akavua kofia yake, akasema pole sana mzee, nionyeshe kaburi. Nikamwonyesha kutoka pale mlangoni lile rundo la mawe linaloonekana kileleni. Akalitazama. Akasema rundo lile wamelipanga vijana wake majuzi, ni alama ya kutobolea mashimo ya baruti.

Alinisindikiza hadi getini akiwa amenishika kiwiko. Kwa heshima.

Kipande kimoja cha filamu kimebaki. Kesho anapanda Pimamaji. Mimi nimeruhusiwa kubeba miguu ya kamera na kunyamaza.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Tumepanda kungali na umande. Nilikuwa na mpango wangu mdogo. Kwamba wakati wa kufyatua, Pimamaji akiwa na shughuli na kitambaa, waya uwe mkononi mwangu. Si kwa sifa. Ili siku za mbele nikisema mimi ndiye niliyeipiga, iwe kweli.

Hakunipa nafasi. Miguu kwenye vishimo, kila mmoja. Povu la pimamaji likakaa katikati kama mtoto aliyeketishwa. Akajifunika. Alikaa ndani ya kitambaa muda mrefu kabisa, nikaona mabega yake tu. Alipotoka, macho mekundu. Vumbi.

Akaniambia nikae nyuma yake. Nyuma ni mahali pa wapagazi. Nikakaa kando, mahali pa washauri, juu ya jiwe, nikapandisha mguu mmoja juu ya goti. Aliuliza kama nimekaa vizuri nyuma. Nikasema sana.

Shemeji akatoka uani na shuka. Kutoka kule juu alikuwa hata si punje. Akalikunjua mbele ya kifua, akasimama kunako mahali pake, na hapo nikaona kwamba hata ardhi pale imelika kidogo. Akafunga lenzi, Pimamaji. Akachomeka kibebeo. Akavuta kibao. Tukangoja.

Upepo ukaja, shuka likapepea. Tukangoja. Lori la machimbo likapita, vumbi likafunika nyumba nzima. Tukangoja vumbi litue. Wingu likaziba jua, likaondoka. Nikamsikia anasema kwa sauti ndogo, tulia mama, kana kwamba yule aliye kule chini anaweza kusikia.

Na akatulia! Shuka lote likatulia. Nilitaka kusema sasa, lakini nilikuwa nimeamriwa kunyamaza. Kwa hiyo nikaitikia kwa kichwa tu. Ndipo akafyatua.

Kwa hesabu yangu, amri ilikuwa yangu.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Bafuni tena tangu alfajiri. Nikasikia Pimamaji anapiga kelele huko ndani. Nikakimbia. Akafungua mlango kidogo, mikono inachuruzika, akaninyooshea kidole miguuni. Akafunga.

Picha ilipokauka nikaelewa. Kilima kipo, kila jiwe. Nyumba ipo. Uani, chini kulia, shemeji. Na chini kushoto, kikubwa kuliko nyumba, kikubwa kuliko kilima chenyewe, kiatu changu! Soli yote. Imeitazama lenzi, na tundu lake katikati, tundu ambalo hakuna mtu hapa aliyekuwa analijua. Hiyo lenzi! Inaona hadi nyuma ya masikio yake!

Pimamaji alikuwa amekaa sakafuni, anasema filamu ya mwisho, Ba'mdogo, ya mwisho. Nikamwambia tukate upande ule kwa mkasi. Akasema akikata, vipimo havitalingana na vya ujiani. Nikasema basi tumwambie baba yako ni jabali. Jabali lenye nyuzi, akasema.

Hapakuwa na la kufanya. Baruti ilikuwa mchana. Akampelekea hivyohivyo. Mimi nikabaki mlangoni, nusu ndani nusu nje.

Kaka akaanza kona yake. Akamwona. Akakaa hapo muda mrefu, kidole karibu na karatasi bila kuigusa. Kisha macho yakaanza kutembea, yakapita kilima, yakashuka upande wa pili, yakafika. Akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa.

Alicheka! Kaka alicheka hadi mito ikaanguka. Shemeji alikuja mbio akidhani ameshikwa na kifafa. Hakuwa na pumzi ya kueleza, akawa anaonyesha tu, kiatu, mimi, kiatu, na shemeji naye akaanza, na Pimamaji, machozi yanamtoka. Nikajua heshima yangu imekwenda na tundu lile. Nikacheka pia kidogo, kiungwana.

Alipotulia akatutazama mmoja mmoja. Akamwuliza binti yake yeye alisimama wapi. Pimamaji akasema nyuma ya kamera, baba. Kaka akasema basi wote mmo.

Madirisha yalikuwa wazi. Mchana king'ora kikalia, kisha mshindo ambao haukuingia masikioni, uliingia tumboni. Vumbi likaja hadi kitandani. Sisi watatu tulikimbilia dirishani. Kaka hakugeuza kichwa. Alikuwa ameiinua picha, anaipuliza vumbi.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Kaka ametutoka leo alfajiri. Shemeji alikuwa naye.

Watu wengi sana. Nimepanga viti. Nimevipanga tena.

Jamaa mmoja alinikalisha akaniomba nimsimulie kitu cha zamani, wakati wetu wa utoto. Nikaanza ile ya radi. Sikuimaliza.

Jumapili, tarehe 23 Juni

Nyumba imenyamaza. Pimamaji amerudi kazini kwake hadi Jumamosi. Nimebaki mimi kusimamia mambo.

Picha ya kiatu imetundikwa ujiani, ya mwisho katika safu. Watu wote waliokuja kutupa pole walisimama mbele yake. Nimewaeleza kwamba picha kubwa inahitaji kitu mbele cha kuipa kina, na kwamba nilikaa vile kwa makusudi. Mwalimu mmoja aliandika.

Asubuhi ya leo shemeji alinijia amebeba lile shuka, limepigwa pasi. Akaniuliza, kama haitanisumbua, kama naweza kupanda kule mara moja. Kilima hakipo tena, alisema, anajua. Hata hivyo.

Inisumbue nini? Mimi niliyemfundisha marehemu? Nikatoa kamera chini ya kitanda. Nikapaka viatu kiwi, vyote viwili, kwa sababu sasa najua siri ya ile picha ilikuwa wapi.

Nikaweka miguu kwenye vishimo. Nikasawazisha kwa kipimo cha Pimamaji, ameniachia. Nikajifunika. Kilipokuwa kilima pana uwazi, mbingu inaanzia ukutani kwa nyumba. Sikuzoea. Nilitafuta kwenye kioo kwa muda hadi nikaliona doa, juu kushoto, mahali pake. Skrubu sikuzigusa. Nikafunga lenzi, nikachomeka kibebeo, nikavuta kibao, nikakaa kando na kunyoosha mguu mbele, ncha juu, unang'aa!

Nikangoja atulie. Hakukuwa na upepo, lakini alichukua muda. Nikafyatua. Nikampungia. Safari hii hakukunja shuka haraka. Alibaki amelishika.

Niliporudisha kibao ndipo nikahisi kitu. Kibebeo chepesi. Nikakifungua ndani ya koti, nikapapasa. Ubao mtupu. Nikageuza upande wa pili. Ubao mtupu! Bila shaka, vipande vyote viwili vilishasafishwa bafuni. Nani angeweka vingine, na vingine viko wapi? Mtu alipaswa kunikumbusha. Ndiyo matatizo ya kufanya kazi na watu wasiopo.

Shemeji alinipokea mteremkoni, nusu ya njia, shuka begani. Akauliza imetoka?

Nikamwambia imetoka kuliko zote. Haijawahi kutoka picha kama ile. Akauliza yeye je, alikaaje? Nikasema ulitulia, shemeji, ulitulia barabara. Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu siku ile, akanipokea miguu ya kamera. Akasema ameshaiwekea nafasi, kando ya mlango wa jikoni. Msumari ameupigilia mwenyewe jana.

Nimekwenda kuutazama. Upo. Umenyooka.

Hakuna cha kunitia wasiwasi. Pimamaji harudi kusafisha filamu hadi Jumamosi. Kinachotakiwa ni picha ya mbingu, nyumba, mwanamke mdogo sana, na kiatu. Kwa mtu aliyepiga picha ya radi kabla haijapiga, hilo ni jambo la kukosa usingizi?

Kiatu tayari ninacho.